Kwa nini darasa letu la Kiingereza linasoma karatasi za Wamarekani

Maneno ya mwalimu wa darasa la jioni mbele ya mkutano mkuu wa chama chetu, Baraka



Kwenye mkutano uliopita kulitoka maneno juu ya darasa langu. Nilikuwa nimekaa pale nyuma karibu na mlango, nikasikia yote. Papa mmoja alisimama akasema, na wengi wakapiga makofi: "Hapa ni Baraka. Biro zetu ni za Kifaransa, sokoni tunasema Kiswahili, nyumbani Kibembe. Kiingereza ya nini? Tena si Kiingereza ya kununua na kuuza, ni historia ya Wamarekani! Ile pesa ya chaki na taa irudi kwenye sanduku la misiba." Leo kamati imenipa nafasi nijibu kabla ya kura. Sikuja kugombana na yule papa. Sanduku la misiba njo lilimzika mama yangu mkubwa, kwa hiyo ninajua kazi yake.

Nianze na aibu yangu mwenyewe.

Wengi wenu mulikuwa Nyarugusu, munajua jinsi mambo yalivyokwenda. Shule za kambini zilifuata programu ya Kongo, kwa Kifaransa. Inje, Mtanzania alisema na wewe Kiswahili. Lakini karatasi, karibu zote, zilikuwa za Kiingereza. Siku nilipofika kuandikisha watu wa nyumba yangu, kijana aliyekuwa na fomu alikuwa amechoka, na mstari ulikuwa mrefu. Akaniuliza kazi. Nikajibu: mwalimu. Akasema, "Basi mwalimu, jaza mwenyewe," akanipa kalamu. Nilijisikia mtu mkubwa. Nikasogea pembeni, nikajaza mbele ya watu.

Palikuwa na mahali pa jina langu, pa mke wangu, pa watoto wangu. Nikaandika watoto wawili. Chini yake kulikuwa na neno "dependants". Hapo nikawaza: hili ninalijua. Tangu shule ya msingi nimesikia "indépendance", 30 Juni 1960. Kama "independent" ni mtu huru, basi "dependant" ni mtu asiye huru, mtu wa mkoloni, mtumwa. Wananiuliza kama nina watumwa? Nikaandika "none", hakuna, na nikaweka mstari chini ili waone nimekasirika kidogo.

Ndani ya nyumba yangu kulikuwa na mtoto wa dada yangu. Mama yake alifariki kabla hatujavuka ziwa. Yeye ndiye aliyekuwa "dependant". Neno lile lilikuwa linaniuliza: nani mwingine anakula kwako? Kwa Kifaransa ningejibu mara moja, juu Kifaransa kinasema "personnes à charge", na hakuna herufi moja inayofanana. Kwa miezi minane yule mtoto hakuwa kwenye kadi ya chakula. Mke wangu alipima unga kwa kikombe, sehemu za watu wanne akazigawanya kwa midomo mitano, na mimi nilikuwa ninalaumu biro. Mpaka siku muuguzi mmoja alipoisoma fomu akaniuliza taratibu, "Mwalimu, hii 'none' uliandika wewe?"

Njo maana mimi ninafundisha Kiingereza. Sifundishi juu ya mapenzi ya Waingereza.

Sasa Wamarekani waliingiaje? Kupitia mtoto yule yule. Alikua, akaoa kule kambini, akapata nafasi ya kupelekwa Marekani na mke wake. Leo anafanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha nyama, na ameomba uraia. Mwenye kuomba uraia wa kule anahojiwa na ofisa: asome sentensi ya Kiingereza, aandike sentensi ya Kiingereza, na ajibu maswali juu ya historia na serikali yao. Kwa miaka mingi karatasi ya maswali ilikuwa na 100. Ofisa alikuwa anakuuliza mpaka 10, ukipata 6 ulikuwa umepita. Mtoto akanitumia picha za zile karatasi kwa simu, na sauti yake: "Mujomba, wewe mwalimu. Maneno ninayasoma, lakini hayaingii." Wengi hapa muna ndugu kule, nadhani sauti ya namna hiyo munaijua.

Nikaanza kuzisoma ili nimsaidie. Wakati ule ule darasa letu lilikuwa linakufa. Tulikuwa na buku moja tu, imetoka Uingereza. Ndani yake kuna bwana mmoja anapanda treni asubuhi kwenda kwa daktari wa meno. Kila somo, treni na meno! Hapa Fizi ni nani amekwenda kwa daktari wa meno kwa treni? Wanafunzi walikuwa wanasahau neno kabla hawajafika kwenye parsele zao. Nikasema, wacha nijaribu hizi karatasi za mujomba.

Nilianza vibaya, nisiwadanganye. Nilianza mwanzoni kabisa mwa tangazo lao la uhuru, lile la 4 Julai 1776, lililoandikwa zaidi na Thomas Jefferson na kupitishwa na wajumbe wao mjini Philadelphia. Mwanzo ule ni mzuri lakini ni mgumu kama mfupa. Tulikaa jioni tatu juu ya neno "self-evident", maana yake jambo linalojionyesha lenyewe. Mama mmoja akaniambia, "Mwalimu, kama linajionyesha, mbona sisi hatulioni?" Wiki iliyofuata walikuja wanne.

Nikaruka. Nikaenda katikati, mahali watu hawapendi kusoma. Katikati ya lile tangazo ni orodha ya malalamiko tu. Wanaoyahesabu husema ni 27. Yote yanamhusu mfalme wa Uingereza, ambaye hata jina lake hawalitaji. Wanasema tu "He", yeye. "He has" hivi, "He has" vile, karibu kila mstari. Mwanafunzi wangu mmoja, fundi wa baiskeli, akasema, "Mwalimu, hii 'has' yao ni '-me-' yetu." Na ni kweli! "He has refused": amekataa. Sarufi ambayo ile buku ya treni iliieleza kwa ukurasa mzima na mishale, tuliipata kwa jioni moja, kwa sababu mfalme amefanya, amefanya, amefanya.

Halafu maneno yenyewe. "Plundered": amepora. "Burnt": amechoma. Niambieni ni nani katika chumba hiki anahitaji picha ya kueleza "burnt". Na kodi zilizowekwa bila "consent", bila watu kukubali. Mchuuzi wa samaki akacheka akasema, "Hiyo ni bariere." Kila mtu aliyewahi kulipa kwenye kamba iliyofungwa barabarani alilishika lile neno, na mpaka leo hajaliacha.

Neno lililobadilisha darasa lilikuwa "quartering". Niliogopa kulifundisha, juu ni la zamani. Kwa Kifaransa kuna "quartier", na sisi tunasema kartie, mahali watu wanapokaa. Nikaeleza: ni kuwapa askari makao, na hapa Wamarekani wanalalamika kwamba mfalme amewaleta askari wengi akawaweka kati yao. Nikaongeza kwamba jambo hili liliwauma sana hata baadaye. Katiba yao iliandikwa 1787, na mwaka 1791 wakaiongezea mambo 10. Jambo la tatu katika yale 10 linasema wakati wa amani askari hawezi kuwekwa ndani ya nyumba ya mtu bila mwenye nyumba kukubali.

Darasa likanyamaza. Mama mmoja, ambaye tangu aanze hakuwahi kusema hata "good evening", akauliza, "Waliandika hivyo? Ndani ya katiba?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi walilala jikoni kwangu mvua mbili. Wenye bunduki. Walipika na mlango wa nyumba yangu. Sikujua kama hiyo ina jina."

Jioni ile hatukuendelea na somo.

Siku iliyofuata nikawapa kazi: kila mtu aandike orodha yake, afuate mtindo ule ule. "They have", wao wame-. Asitaje jina la mtu wala la kundi, kama vile Wamarekani hawakumtaja mfalme wao. Nilipata madaftari ambayo siwezi kuyasoma hapa mbele ya watoto. Ya yule mama ameniruhusu mistari mitatu, nami ninaisoma kama alivyoiandika, bila kusahihisha: "They have eat my goats. They have burn my door. They have sleep in my kitchen and I have not say yes." Najua, "eat" ingekuwa "eaten". Lakini muangalie ule mwisho: hakulikumbuka neno "consent", akalitengeneza upya kwa maneno anayoyajua.

Sasa nije kwa upande mwingine, juu sitaki wageni wetu wafikiri tunafundishana kuabudu Marekani.

Katika ile orodha, lalamiko la mwisho linawahusu wenyeji wa asili wa ile inchi, Wahindi wekundu kama tulivyofundishwa kuwaita. Neno walilotumia kwao ni "savages". Mara ya kwanza nililiruka, nilikuwa ninaona haya. Kijana mmoja alilikuta mwenyewe kwenye picha, akasimama: "Mwalimu, hili ni 'sauvages'. Ni 'basenji'. Wazee wetu waliitwa hivi." Ikabidi nirudi, tusome. Watu wale wale walioandika kwamba binadamu wote wameumbwa sawa wakamaliza orodha yao hivyo. Na Jefferson mwenyewe, katika maisha yake, alimiliki watumwa zaidi ya 600. Katika andiko lake la kwanza aliweka fungu la kumlaumu mfalme juu ya biashara ya watumwa, wajumbe wakalifuta.

Hapo nikawapa darasa kazi ya ajabu kidogo. Nikawaambia: katika katiba ya 1787, kabla haijaongezewa kitu, tafuteni neno "slave", mtumwa. Wakatafuta jioni mbili. Hakuna! Watumwa walikuwepo kwa mamia ya maelfu, lakini neno halimo. Mahali pa kuhesabu watu wa kila jimbo wameandika watu huru, halafu "other persons", watu wengine, ambao watano wanahesabiwa kama watatu. Neno "slavery" linaingia katika katiba yao kwa mara ya kwanza mwaka 1865, kwenye nyongeza ya 13, ile inayoukataza utumwa. Fundi wa baiskeli akasema, "Kwa hiyo walilitaja siku ya kulizika." Nilimwambia aliandike lile kwenye daftari.

Nadhani faida kubwa ya somo hili iko hapo. Tukipokea karatasi sasa tunauliza mambo mawili: neno hili lina maana gani, na nani hakutajwa? Mimi nilimwacha mtoto inje ya kadi kwa kutojua. Wale waliwaacha watu inje wakijua.

Kuna mtu mmoja wa historia ile ambaye wanafunzi wangu sasa wanamwita "mwenzetu wa darasa". Jina lake Frederick Douglass. Alizaliwa mtumwa huko Maryland mwaka 1818. Mke wa bwana wake alianza kumfundisha herufi, bwana akakataza. Basi akiwa mtoto alikuwa anabeba mkate mfukoni, akikutana na watoto wazungu maskini wenye njaa anawapa mkate, nao wanamfundisha kusoma. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1845, baada ya kutoroka, anaeleza habari za neno moja: "abolition". Alikuwa anawasikia watu wakubwa wakilitaja kwa hasira. Akalitafuta katika kamusi. Kamusi ikamwambia ni kitendo cha ku-abolish. Ku-abolish nini? Haikusema. Akalibeba lile neno bila maana, anaogopa kumuuliza mtu, mpaka siku alipopata gazeti lenye habari za watu wa kaskazini waliopeleka barua za kuomba utumwa ukomeshwe katika mji mkuu. Hapo akajua. Neno lilikuwa linamhusu yeye.

Nilipowasomea habari hii sikuhitaji kueleza kwa nini nimeiweka kando ile kamusi yetu ndogo yenye jalada jekundu. Kamusi tunayo bado, tunaitumia. Lakini tunaanza na habari.

Niseme kidogo juu ya Kifaransa, maana kuna wazazi wanaogopa kwamba Kiingereza kitawachanganya watoto. Kinachanganya, ndiyo. Kuna "domestic tranquility" mwanzoni mwa katiba yao. Kijana mmoja akaitafsiri "amani ya boyi wa nyumbani", juu ya "domestique". Ni amani ya ndani ya inchi. Lakini mara nyingi Kifaransa kinasaidia. Rais Lincoln, alipozungumza makaburini Gettysburg tarehe 19 Novemba 1863, alianza kwa kuhesabu miaka kwa "score", yaani ishirini-ishirini: ishirini nne na saba. Vijana Wamarekani wenyewe, mtoto wetu ananiambia, wanakwama hapo. Darasani kwetu mtoto wa la sita akajibu palepale: quatre-vingt-sept! 87. Toa 87 kwa 1863, utarudi 1776. Nilifurahi siku ile kama nimeshinda mimi.

Na katiba yetu sisi, ya tarehe 18 Februari 2006, inaanza na watu pia: sisi, watu wa Kongo. Ya kwao inaanza "We the People". Ndani ya yetu, kifungu cha 142, imeandikwa kwamba sheria zifikishwe kwa watu kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, katika siku 60. Hilo wanafunzi walilitafuta wenyewe, baada ya kuona ya wenzao. Nimemsikia yule papa wa mkutano uliopita akisema "ya kwao, ya kwao". Kumbe ya kwao njo ilitutuma tukafungue ya kwetu.

Faida ya mfukoni? Nitasema ukweli. Msimu wa juzi tulipewa mbegu, zikafika mvua imekwisha. Shirika lenyewe silitaji. Kwenye ubao wao kuna neno "grievance", na chini yake sanduku la kutia barua. Miaka yote tulilipita lile sanduku. Darasa likaandika barua ya Kiingereza, ukurasa mmoja, na maneno matatu tuliyoyatoa kwenye nyongeza ya kwanza ya 1791: "petition", "redress", "grievances". Tuliomba mbegu nyingine, na tuliomba waulize siku ya kupanda kabla ya kuleta. Jibu lilikuja baada ya wiki tano: wamepokea. Mbegu nyingine hazikuja. Msimu uliofuata walituma mtu mapema kuuliza tarehe ya kupanda. Sisemi ni juu ya barua yetu. Pengine walikuwa wamepanga hivyo. Lakini barua iliandikwa hapa, kwa taa hii munayotaka kuiuza, na hakuna aliyeandika "none".

Ninachoomba ni kidogo: chaki, betri ya taa, na ruhusa ya kukitumia chumba hiki jioni mbili kwa wiki. Madaftari kila mtu anajinunulia. Kama sanduku la misiba limepungukiwa, na najua limepungukiwa, mimi nakubali tukose betri miezi miwili, tusome mapema kabla jua halijazama. Wamama watalalamika juu ni saa ya kupika, lakini tutapanga. Kufunga kabisa njo ninakokataa.

Mtoto wetu anahojiwa mwezi ujao. Kwa saa zetu itakuwa jioni, siku ya darasa. Amesema atapiga simu akitoka, na wanafunzi wanataka simu iwekwe juu ya meza ili wote wasikie ameulizwa maswali gani. Yule mama wa jikoni ameshasema yeye atakuja hata kama munatufungia mlango. Atakaa pale inje kwenye ngazi.

Mzee mwenyekiti, nimemaliza. Kura ni yenu.